Mama Concilie na Telefone ya Mutoni

Mama Concilie Uwamahoro alitumika miaka makumi tatu na moja mu santre yetu ya utafiti, hapa Uvira. Anaenda mu retreti, kupumzika kazi, tarehe makumi tatu, mwezi wa sita. Alipashwa kuenda mwaka jana. Sababu ya kuchelewa nitaisema.

Minye, Venant, iko muntu wa kuvunja mawe ku mutoni, kule Makobola. Nilitumika naye miaka tisa. Watu wa biro wako na diplome, kila moja alitaka kuandika kurasa ine za kumuaga. Njo wakanipatia minye, niandike moja.

Kazi yake ni kuangalia namna muntu anatumia mashini. Anakupa telefone, anakuambia kitu cha kufanya, kisha ananyamaza. Hata ukikosa, hakusaidie. Ukimuuliza, anaandika kama uliuliza. Ku mutoni tulimuita Mama Kimya. Alijua. Ile pia aliiandika.

Mu Mutarule walipeleka telefone ya kutafuta bei ya muhogo. Ilikuwa na picha ya lupu, ile kioo ya kukuza maandishi. Wamama kumi na mbili waliona kikaango. Waligusa, wakangoja chakula. Mama Concilie alitoa ile picha mu telefone. Hakucheka, angalau si mbele yao.

Lakini kazi yake kubwa ni ya mutoni. Mvua ikinyesha ku milima, sisi wa mawe njo tunaona maji wa kwanza. Watu wa chini, pembeni ya ziwa, wanaiona ikisha ingia mu nyumba. Mbele tulikuwa tunatuma muntu akimbie kuwaambia. Maji ilikuwa inamupita mu njia. Mama Concilie akaleta telefone ya kutuma alerti ku watu wote wa chini mara moja.

Siku ya testi nilishindwa. Bruno, asistanti wake, alikuwa ananisimamia.

"Papa Venant, gusa kioo."

"Ninagusa."

"Haugusi, papa."

"Basi niazime kidole yako. Zangu inaonekana zilibaki nyumbani."

Tulikuwa watu kumi na ine. Kumi na moja tulishindwa. Bruno aliandika kama hatuelewe.

Mama Concilie alisoma ile, akakuya kushika mikono yetu, moja moja, akageuza. Kisha akamutuma Bruno avunje mawe na sisi mwezi muzima. Wiki ya kwanza alitoka malengelenge. Mwezi ulipoisha, telefone yake mwenyewe ikamukataa. Ngozi ya muntu wa mawe imekauka, kioo hakiione. Bruno alifuta maandishi yake. Leo iko muntu muzuri.

Njo mama akarudisha telefone ya zamani, ya butoni. Unafinya namba tano mpaka inalia, na telefone zote za chini zinalia, basi. Watu wa projé hawakufurahi, sababu kioo kinaonekana muzuri mu picha. Article yake, ile ya gazeti ya watafiti, ilikataliwa. Walisema butoni si utafiti. Aliacha butoni pale pale.

Bibi yangu wa ndoa, Célestine, alipokufa, mama alikuya ku matanga siku tatu. Aliikala chini na wamama wengine. Hakuandika kitu.

Mwaka juzi, mwezi wa ine, saa nane ya muchana, nilifinya namba tano. Nyumba makumi mbili na tatu zilienda mu ziwa. Watu wote walikuwa wamekwisha panda kilima. Kesho yake kila muntu alikuwa anatupongeza. Mama Concilie aliuliza kitu kimoja: nani hakusikia?

Alikuwa muntu moja. Pudentienne, mama muzee, masikio yake ilikufa zamani. Majirani walimukumbuka mwisho, wakamubeba maji ikiwa ku magoti.

Retreti ilifika. Mama Concilie akasema hapana, kazi haiyaisha. Alijaribu taa ya alerti. Pudentienne aliipa mugongo. Alijaribu telefone ya kutetemeka. Pudentienne aliifunga mu kitambaa, akaiweka chini ya mufuko wa bunga, sababu ilikuwa inamusumbua. Mwaka muzima ulipita vile. Raporti iko na kurasa makumi ine, na jibu iko ku mwisho: Aline, jirani, anavuka lupango katikati ya nyumba zao na kumugusa ku bega, kisha njo anakimbia yeye mwenyewe. Watu wa projé waliandika kuuliza Aline ni mashini ya aina gani.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, maji ilirudi. Nilifinya. Pudentienne alifika ku kilima mbele ya kila muntu, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ku kichwa, amekasirika. Sombe haikuiva, na Aline hakumuacha angoje. Mama Concilie aliandika saa ya kufika, akasema sasa anaweza kuenda.

Aksanti, mama. Sisi wa mawe hatujue kusifu sana. Mungu akupe miaka mingi, magoti ya kupanda kilima, na nyumba mbali na mutoni.