Mpira wa Chini ya Kokoto

Mgane mmoja alikuwa kwenye basi asubuhi, wala hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu. Lakini kwenye kiti cha mbele yake, fundi wa mawe na mtunza bustani walikuwa wakibishana jinsi ya kumwaga kokoto kwenye uwanja wa nyumbani kwa mganga mkuu wa hospitali.

"Chini ya kokoto unashindilia kifusi, halafu kitambaa kinachopitisha maji," alisema fundi. "Ukitandika mpira, maji yatatuama, na mawe yako ya kukanyagia yatateleza kama sabuni."

"Wee mjuaji, mpira tunao bure! Bosi ametoa majora sita stoo ya hospitali, mapya kabisa, ile mipira myekundu ya kutandika vitanda vya wagonjwa. Tunaitandika leo."

Mgane aliinamia mbele. Mwaka jana mkewe alipolazwa hospitali hiyo hiyo, muuguzi aliapa kwamba mipira imekwisha. Mama wa watoto alilalia gunia la nailoni alilolipasua mgane mwenyewe, mgongo ukachubuka mpaka siku ya mwisho. Wakubwa bwana! Mgonjwa anakosa, kokoto zinatandikiwa.

"Mipira ya wagonjwa?" aliuliza.

"Ndiyo, baba!" Mtunza bustani aligeuka, akidhani amepata wa kumuunga mkono. "Haipenyi hata tone. Hebu mwambie huyu mbishi."

"Si ndiyo nasema maji yatatuama!" fundi akafoka.

"Basi tutaitoboa."

Basi lilisimama, wakashuka wakibishania ukubwa wa matundu. Kituo cha mgane kilikuwa bado mbali, lakini naye alishuka, akawafuata.