Fundi Uzi Hajashuka

Marehemu, ambaye hata sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshazoea kumwita Fundi Uzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, kitinda mimba wa mama muuza mboga na baba dereva wa lori. Baba alitwaliwa na Mungu mwaka 1997, mama akabaki na watoto watatu na meza yake ya mboga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1996. Akiwa darasa la tatu alipanda juu ya tangi la maji la shule kufuata mpira, akaupata, kisha akakaa huko huko akiangalia mapaa ya watu. Mama yake akaitwa mbio.

"Shuka!"

"Nikishuka utanichapa."

"Sikuchapi, mwanangu. Shuka."

Alishuka, akachapwa. Mpaka ukubwani aliwaambia wageni, "Mama yangu ni mtu wa sala kabisa, ila kwa habari ya tangi msimwamini."

Alimaliza sekondari mwaka 2007, akajifunza kushona viatu kwa mjomba wake. Mwaka 2012 alifungua kibanda chake, chembamba hata mteja wa pili alingoja nje. Humo ndimo alimojiunga na kundi la wapanda milima kwenye simu. Walimtumia viatu kwa basi, soli zimekwisha, naye alivishona kwa uzi mwekundu, mishono miwili. Wengi wao hakuwahi kuwaona uso. Aliwajua kwa miguu. "Huyu anaegemea kulia," alisema, "lazima goti linamsumbua."

Kundi lile lina sheria moja. Anayepanda huandika jina lake, na akirudi salama huandika mwenyewe: "Nimeshuka." Hakuna kumwandikia mwenzako. Asiyeandika hutafutwa.

Tarehe 22 Agosti 2015 alifunga ndoa na muuguzi, dada mpole aliyemletea kiatu kimoja akasahau cha pili nyumbani. Mwaka 2018 Mungu aliwajalia binti.

Marehemu hakuugua. Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, aliandika jina lake kwenye kundi, akapanda mlima peke yake, akitazamia kurudi kesho yake. Jumapili ikaisha hajaandika. Jumatatu asubuhi mama yake alisikia hodi. Alipofungua, macho yake yalitangulia chini: jozi kumi na moja za viatu, zote zina uzi mwekundu. Hapo ndipo alipolia, kabla hajatazama nyuso. Wengi wa wale watu walikuwa hawajawahi kuonana hata wao kwa wao.

Walitafuta siku tisa. Siku ya nne waliona begi lake na kipande cha kamba kando ya mawe yaliyoporomoka. Baada ya hapo hawakuona kitu. Siku ya tisa ukungu ulishuka na mvua ya barafu, mmoja wao akateleza na kuvunjika mkono. Kiongozi wao, mwalimu wa hesabu, akapiga simu.

"Mama, hatuondoki huku mpaka wewe mwenyewe useme."

Mama alikaa na simu sikioni. Akisema neno lile, mwanawe atabaki kule. Asiposema, kuna mama mwingine ataletewa habari.

"Mko wangapi huko juu?"

"Kumi na mmoja, mama."

"Shukeni, wanangu," akasema. "Safari hii simchapi mtu."

Jioni ile, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja waliandika "Nimeshuka." Mwalimu akamuuliza mama waandike nini kwenye jina la Fundi Uzi. Mama akawaomba waliache kama alivyoliacha mwenyewe. Mwili wake umebaki mlimani, ndiyo maana leo hakuna jeneza mbele yetu.

Ameacha mama, mke, binti wa miaka saba, dada wawili, mjomba aliyemfundisha kazi, na wenzake wa kundi waliokaa pale nyuma, ambao kuanzia leo ni watoto wa nyumba hii.

Mungu, ambaye peke yake anajua mahali alipolala, ampe kupumzika kwa amani hapo hapo. Amina.