Verna Tollefson na Noti Aliyoipiga Pasi

Marehemu Verna Brekke Tollefson alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wa Nordby, Iowa, mtoto wa nne wa Anders na Selma Brekke. Alimaliza sekondari hapa hapa mwaka 1962, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kunyamaza.

Tarehe 10 Juni 1967 alifunga ndoa na Orrin Tollefson katika kanisa hili. Baba yake Orrin aliwapa noti ya dola ishirini ya mwaka 1902, ya enzi zile benki za miji midogo zilipotoa noti zenye majina yao. Benki ya Nordby ilishakufa, na hakuna noti yake nyingine inayojulikana kubaki. Mzee aliwaambia waiuze wapate kianzio cha nyumba. Lakini noti ilikuwa na mikunjo, na Verna hakuwa mtu wa kuvumilia mikunjo. Aliinyunyizia maji ya wanga, akaipiga pasi mpaka ikanyooka.

Mnunuzi wa noti za kale kule Des Moines aliinusa, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama, nani kaifua hii?"

"Haijafuliwa. Nimeipiga pasi tu."

"Basi pasi yako imekula zaidi ya nusu ya bei."

Waliirudisha nyumbani, wakapanga chumba juu ya duka la kinyozi kwa miaka tisa. Orrin hakumgombeza hata siku moja, ila kila alipomwona anapiga pasi shati alipaza sauti: "Kagua mfukoni kwanza!"

Aibu ile ndiyo iliyomsomesha. Alifanya kazi posta kuanzia 1968 hadi 2004, lakini Jumamosi zake zilikuwa za maonyesho ya noti, yeye na lenzi yake. Vidole vyake vilijua karatasi iliyooshwa. Wajane walimletea noti za babu zao, naye aliwaambia bei ya kweli bila kuchukua senti. "Usioshe, usinyooshe, usibandike selotepu," alisema. "Iache na uchafu wake."

Mwaka 1991 paa la nyumba yao lilivuja vibaya. Mnunuzi kutoka Chicago alipanga dola elfu nne juu ya meza ya jikoni kuinunua ile noti, wala hakuona kasoro. Orrin alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza.

"Imepigwa pasi," Verna akasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

Mgeni alirudisha fedha zake mfukoni, akaaga.

"Mke wangu, dakika mbili tu za kunyamaza zimekushinda?"

"Ningenyamaza, kila mvua ikinyesha ningekumbuka."

Ndoo zilikaa sebuleni miaka miwili zaidi. Watoto waliona haya kuleta wenzao, leo wanajivunia.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Februari 2023. Verna alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba, Orrin akiwa amemshika mkono. Noti ameiachia maktaba ya mji, pamoja na kadi aliyoiandika mwenyewe: "Noti pekee ya Nordby. Imepigwa pasi na Verna Tollefson, 1967. Nisamehe, Orrin."

Ameacha mume, watoto wawili, Karla na Dale, na wajukuu watano. Leo asubuhi Orrin amelipiga pasi mwenyewe gauni analozikwa nalo mkewe. Alikagua mfukoni kwanza.

Lala salama, Verna, na mikunjo yako yote.