Mwezi Kama Punje ya Dengu

Benchi lililo mbele ya kibanda cha mshona viatu huelekea mlimani, na jioni hiyo waliolikalia walikuwa na vikombe vya kahawa mkononi, wakiusubiri mwezi wa siku ya kumi na nne, ule uchomozao mlima ungali unaonekana. Aliyeusubiri kwa dhati ni mmoja: Fundi Picha, aliyezeekea katika kupiga picha za pasipoti. Binti yake, mwaka wa saba sasa tangu aolewe nchi ya mbali, alimwomba jambo moja tu: picha ya mwezi ukichomoza mlimani. Miezi mitatu mfululizo Fundi alipiga kwa kamera ya simu, na mwezi ulioyajaza macho ulitoka pichani kama punje ya dengu. Binti alijibu, "Asante, baba, mzuri," nayo ilikuwa asante ya mteja asiyejitambua katika picha yake mwenyewe.

— Tatizo kamera, alisema kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakukubali kushindwa na swali. Kioo kinasinyaa kwa baridi, mwezi unapita umejikunja.

— Toka hapo! alidakia Gundi, mshona viatu. Mwezi una haya. Ukiunyooshea kitu, unarudi nyuma. Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha.

— Sasa maiti kaingiaje hapa?

— Kaingia na methali yake. Mpishe apite.

Profesa alishusha sauti.

— Sikieni. Mwezi wenyewe wameuficha wenye mitambo. Huu tulioachiwa ni kivuli. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Umeundwa na nani?

— Hilo ndilo wanalolificha.

Fundi Picha hakucheka.

— Jamani, mwenzenu nimeahidi. Na leo ukinipita, nimwambie nini mwanangu?

Pembeni aliketi mama mmoja mpita njia, mguu mmoja peku, akingoja ndara yake ishonwe.

— Samahani, kaka yangu. Kwani huko aliko binti, mwezi hautoki?

Sindano ya Gundi ilisimama katikati ya ngozi.

Unatoka, Fundi aliwaza. Mwezi binti anao kila aendako. Akaishusha kamera taratibu, kutoka angani hadi kwenye majabali, na chini yake ile njia nyembamba aliyokuwa akiipanda na binti yake mabegani, miguu midogo ikimpigapiga kifuani. Mwezi ulipochungulia, mdogo kama kawaida yake, alibonyeza, kisha akatuma.

Jibu lilikuja kahawa ikiwa bado ya moto. Alilisoma kwa sauti:

"Baba, njia yetu imeota nyasi. Siku hizi hupandi?"

— Mwambie... alianza Profesa, asimalize.