Kilicholazwa Chini ya Zulia

Imesomwa na Dukale Hamesso, mtafiti wa mimea katika Kituo cha Weese cha Gadamo, nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, siku ya kuweka jiwe la msingi la ghala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Kanda. Wazee wetu, kina mama wa mashamba, na wewe ndugu uliyekaa kwenye trekta nyuma ya jukwaa: tunawasalimu nyote.

KARIBU

Karibu Gadamo. Tulikuwa tumeandika risala nyingine, tamu, shukrani kurasa mbili nzima. Asubuhi tulipoona hema limesimamishwa pale liliposimamishwa, tukaichana. Utuwie radhi tukienda mbio. Tuna hofu, na hatuwezi kuificha.

TULIKOTOKA

Watu wa mjini wakiuona weese hudhani ni mgomba. Sisi tunda lake hatuna habari nalo. Tunakula shina, na tunguu lililo chini ya udongo. Ndio chakula cha kila nyumba hapa. Kisha ukaja mnyauko. Majani hulegea, ukikata shina linatoa usaha wa njano, na kisu hicho kikigusa mmea wa pili, nao umekwenda. Bustani nzima za mama zetu zilioza tukiziangalia.

Kwa Mama Marame, aliye hapa nasi, ulibaki mmea mmoja tu, mzima kabisa. Tukaenda kumwomba. Akatupima kwa macho juu hadi chini.

"Nyie na suruali safi hivyo, kulea mtaweza? Haya, chukueni. Ukifa, msipite njia ya kwangu."

Kina mama wakaupa jina: Mkaidi.

TULIYOYAFANYA

Tuliuambukiza ugonjwa makusudi, kwa kisu chenye usaha. Haukufa. Tukarudia, haukufa. Hatusemi tumepata dawa. Mtafiti anayesema hivyo kwa mmea mmoja ni mwongo. Tunasema tunahitaji watoto wake wengi, tuwapande kwenye mashamba yaliyoambukizwa, ndipo tujue.

YANAYOTUKWAZA

Mwenzetu Worknesh alisomea ng'ambo namna ya kuotesha vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa. Wengi aliosoma nao walibaki hukohuko, yeye akarudi. Akapewa chumba ambacho umeme wake unakuja ukijisikia. Friji ikafa. Akajaribu kwa chupa za jamu na jiko la mkaa, ukungu ukala kila kitu.

"Nilichojifunza nimekiacha kule," alituambia. "Huku nimerudi na cheti na koti." Tukacheka naye, kisha tukaona analia.

Kama vifaa vyake vingekuwepo, leo tungekuwa na Mkaidi kwenye chupa, salama, na risala hii ingekuwa ile ya shukrani. Havikuwepo. Tukafuata njia ya mama zetu: unang'oa mmea, unakata tunguu lake vipande, unavifukia, na baada ya miezi machipukizi hutokea mengi. Kwetu kazi hiyo huitwa kulaza. Na ukishalaza, juu ya ardhi hubaki udongo mtupu. Mmea mama umekwisha, kila kitu kiko chini.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka mjini, mgeni wa weese na mgeni wa lugha yetu. Akasimama ukingoni.

"Mbona hapa hamna kitu?"

Mwenzetu Dangiso, aliyekuwa akinoa jembe, akajibu kwa fahari, "Shamba tumelilaza, bwana."

"Limelala tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze. Tunaliacha lilale tu, hatuligusi."

"Basi nimeelewa, mzee."

Akaondoka ameelewa kwamba kazi tumeiacha. Shamba lililolala likapangiwa ghala, nasi hatukujua ni hapa hadi hema liliposimama. Tangu asubuhi Dangiso tunamwita Bwana Usingizi, naye anacheka, lakini chai yake hajaigusa.

Asubuhi tuliwasihi vijana wa hema wasogee upande. Mmoja akasema, "Dada, sisi tunafunga kamba tu. Mwenye shughuli anakuja, mwambie mwenyewe." Ndiyo tunakuambia.

TUNALOOMBA

Umeme, friji, vifaa vya Worknesh, nafasi kwa vijana wanaotaka kurudi nyumbani kufanya utafiti: hayo tutayaomba siku nyingine, na tutayaomba kwa nguvu. Leo tuna moja.

Mkaidi wote uliopo duniani uko chini ya zulia ulilowekewa kiti chako. Hakuna mwingine popote. Ghala hatulikatai, ng'ambo ya barabara kuna kiwanja kikavu, na wazee wamekubali kukitoa. Ukituona tumesimama huku kwenye majani, usidhani tumesusia viti vyako. Hatukuthubutu kuukanyaga.

Umepewa jembe lenye utepe. Kabla trekta halijawashwa, tunaomba ufunue zulia, uchimbe kidogo kwa vidole, hapo hapo miguuni pako. Ukikuta udongo tu, endelea na shughuli, nasi tutakupigia makofi. Ukikuta ncha nyeupe, changa, usiivute. Ifukie kama ulivyoikuta, halafu uamue. Mama Marame ameshavua viatu. Yuko tayari kukuonyesha pa kuanzia.

Mungu akupe afya, akurudishe kwa watoto wako salama, na aufanye mkono wako uwe mwepesi utakapogusa udongo huu.

Ni sisi,
Watafiti, watumishi na kina mama wakulima wa weese, Gadamo