Shangazi wa Ghorofa ya Kumi na Tatu

Ndugu waombolezaji, mimi ndiye niliyekabidhiwa na familia kusoma historia ya marehemu shangazi yangu, na najua wapo wanaonong'onezana kwamba mtu aliyeikimbia shule kidato cha pili ataisomaje, basi bisheni tu, na mkimaliza bisheni na hili pia, kwamba mwanamke aliyelala katika jeneza hili alikuwa na kampuni yake binafsi katika kituo cha kimataifa cha fedha, kwenye ghorofa ambayo haipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli la babu, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, akahitimu chuo cha ufundi, fani ya umeme, Desemba 1981, msichana pekee darasani, na katika ukoo huu ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, ukiniondoa mimi.

Januari 1982 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika minara ya vioo ya mtaa wa mabenki, akawa anafanya kazi akiwa amesimama juu ya paa la lifti, gizani, akipanda na kushuka taratibu kama mtu anayeelea usingizini, huku chini ya viatu vyake mawakili na wenye mitaji wakizungumza bila kujua kuna masikio juu yao, na huko ndiko alikosikia kwamba mtu mmoja anaweza kufungua kampuni peke yake, akipata jina lisilo la mwingine, anwani na katibu, na kwamba ikishasajiliwa sheria inaihesabu kuwa mtu, inashtaki na kushtakiwa, sema tu haiumwi jino.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990 na fundi rangi waliyekwama naye kwenye lifti ambayo marehemu mwenyewe alitakiwa kuitengeneza, na hadi leo bwana huyu hajakiri kama alikuwa na haraka ya kutoka, wakajaliwa binti mmoja, muuguzi, aliyekaa pale mbele akinikazia macho nisizidishe.

Tarehe 3 Aprili 2006 alisajili kampuni yake, majina matatu yakakataliwa kwa kuwa yana wenyewe, la nne likapita, Ghorofa ya Kumi na Tatu, kwa sababu vitufe vya lifti za minara ile huruka kutoka kumi na mbili hadi kumi na nne, kumi na tatu ikiogopwa kuwa namba ya mkosi, naye alikuwa akisema hiyo waliyoiogopa ni yangu, ina madirisha mapana, ina mwanga wa asubuhi, na hakuna wa kunidai pango. Kampuni ikawa inatengeneza lifti za majengo chakavu ya makazi, wazee wa ghorofa za juu wakaanza kushuka tena kuota jua, nami nikachukuliwa kubeba boksi la vifaa, nikiambiwa kutwa, we Spea, toa mkono hapo, huo ni umeme, haujui kama wewe ni mpwa wangu.

Aliajiri mafundi wanne, wale waliokaa nyuma kabisa, ambao tangu juzi wananitazama kwa swali moja, kama Jumatatu kuna kazi au kampuni inazikwa leo, maana mwenye hisa alikuwa yeye na mkurugenzi alikuwa yeye.

Alianza kuugua mapafu Oktoba mwaka jana, akalazwa ghorofa ya pili ya hospitali ambayo lifti yake ilikuwa mbovu, akatuagiza tumwite fundi, yaani yeye, na siku za mwisho alikuwa akibonyeza hewa kwa kidole, polepole, kama anatafuta kitufe, hadi alfajiri ya tarehe 12 Februari alipokipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi sebuleni, na wenzake wa kazini.

Sasa sehemu niliyoiruka. Zile kadi za biashara nilizowagawia miaka yote, zilizoandikwa jina langu na cheo cha Mkurugenzi, nilijichapishia mwenyewe, cheo changu cha kweli kilikuwa mkurugenzi wa akiba, mtu anayeandikishwa pale ambapo mkurugenzi ni mmoja tu, asiye na mamlaka hata ya kununua bisibisi mpaka siku mwenzake atakapofariki, ndiyo maana aliniita Spea, kama tairi la kwenye buti, na kila nilipowaringia sikuwaza ni nani angepaswa kuondoka ili kadi iseme kweli. Tangu alfajiri ile inasema kweli, nami sijampa mtu hata moja.

Mafundi, Jumatatu saa mbili, kama kawaida, mtanifundisha.

Shangazi, huko juu ni kwako, pumzika kwa amani, lifti tunabaki nazo sisi.