Nestori Hakuwa Mlevi

Bwana ahimidiwe, ndugu zangu!

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tisa, asubuhi, kaka yangu Nestori alifia mikononi mwangu hapa mtaani kwetu Katubuka. Alizikwa bila kwaya na bila mzee wa kanisa hata mmoja, kwa sababu alikuwa ametengwa. Kosa lake lilitajwa kuwa ulevi. Leo nashuhudia nikiwa na hasira, na sitaificha mbele za Mungu anayeiona.

Tulivuka ziwa tukikimbia vita Burundi, sisi wawili tu tuliobaki katika familia yetu. Nestori akapata kazi ya kubeba magunia ya dagaa ufukweni Kibirizi. Alikuwa na nguvu! Mwaka wa pili tumbo likaanza. Maumivu yalimshika juu, chini ya kifua, yakapenya hadi mgongoni, naye akakaa amejikunja saa nzima. Tulitibu malaria, tukatibu minyoo, tukatibu vidonda vya tumbo. Alizidi kukonda. Choo chake kikawa cheupe, cha mafuta, hata ukimwaga maji hakiondoki. Aliona aibu kuniambia.

Na mimi nilifanya nini? Nilimpikia samaki aina ya migebuka kwa mafuta ya mawese, nikaongeza mawese ili anenepe. Akisukuma sahani, nilinuna.

"Kula, Nesto. Unataka majirani waseme nakunyima?"

Alikula kwa ajili yangu, kisha akajikunja. Mungu anisamehe! Nilikuwa namuumiza huku nikijiona dada mwema.

Siku moja maumivu yalimkuta njiani akitoka kazini. Alishika ukuta wa kilabu cha pombe, akatapika. Jumapili iliyofuata Mzee Zakaria, mzee wetu wa kanisa, akamsimamisha mbele ya washirika.

"Umeonekana kilabuni."

"Nilikuwa naumwa, Mzee. Pombe sijawahi kuonja."

"Mrundi asiyeijua pombe ya ndizi? Huyo labda kazaliwa jana!"

Watu wakacheka. Walicheka, ndugu zangu, ndani ya nyumba ya Bwana! Akatengwa na meza ya Bwana. Tangu hapo hakutaka tena kwenda hospitali. Aliniambia, "Na wao watasema nanuka pombe." Akafa hivyo.

Mwaka uliofuata maumivu yaleyale yakanishika mimi. Niliyatambua kabla hayajafika mgongoni. Nikaenda hospitali, na daktari akaanza na swali lilelile.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Hata wewe!" Nilipiga kelele, watu wa kwenye foleni wakageuka.

Akaweka kalamu chini. "Nauliza kila mtu. Pombe huwaletea wengi ugonjwa huu, lakini wapo wanaougua bila kuigusa. Kwenu kuna mwingine aliyeumwa hivi?"

Nikamweleza habari za Nestori. Picha ikaonyesha vijiwe kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusaga chakula na kutawala sukari mwilini. Changu kimevimba na kukakamaa kidogo kidogo kwa muda mrefu, wala hakitarudi kuwa kama zamani. Kuhusu Nestori, daktari alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini dalili zake zilikuwa hizihizi.

Msinitake niseme nimepona. Sijapona. Nakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, samaki wa kuchemsha bila mawese. Pombe na sigara nimekatazwa kabisa. Vidonge vya kusaga chakula nameza pamoja na mlo, vikipatikana, na sukari napimwa. Siku mbaya zipo. Lakini mwili umerudi, nafanya kazi, nalala usingizi. Huo ndio wokovu niliopewa, na ninamshukuru Mungu kwa huo! Nawe mwenye maumivu kama haya, usilikimbie swali la daktari. Mtumaini Bwana, uende ukapimwe.

Jumapili iliyopita niliyasema haya yote kanisani kwetu. Kisha nikauliza, "Aliyemwona Nestori na kikombe cha pombe asimame."

Mzee Zakaria akafungua Biblia yake, akaifunga. Ndipo akainuka Mama Esperansi wa kwaya.

"Ni mimi niliyepeleka habari. Nilimwona ameshika ukuta, anatapika."

"Ulisikia harufu ya pombe?"

"Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara."

Mzee Zakaria akasema basi, jina la Nestori litarudishwa kwenye kitabu cha washirika, baraza likikaa. Nikamwambia, "Siku ya kumtenga hamkungoja baraza. Lisome sasa, Mzee, kwa sauti ileile." Alikohoa. Akalisoma.

Ibada ikaendelea. Mama Esperansi akaacha kiti chake cha kwaya, akaja kwenye benchi langu. Nilisogea, akakaa. Mkono sikumpa.